Gorogoro la Uzuri

Nyanya yangu alikaa kiti cha mbele kabisa, leso ameikaza kiunoni, miwani ameifuta mara tatu. Alikuwa ametoka Likoni tangu alasiri: akavuka feri, akashika matatu mjini Mombasa, akapita Daraja la Nyali mpaka Mishomoroni, yote hayo apate kumwona mjukuu wake akitolewa siku ya kupamba. Ukumbi ulijaa wanawake watupu. Mabuibui yametupwa migongoni mwa viti, udi unafuka, watoto wanagombania soda. Mara muziki ukabadilishwa, vigelegele vikapaa, bibi harusi akaingia akitembea pole pole kama aliyejitwika mtungi uliojaa. Nyanya akamtazama. Akanigeukia. Akamtazama tena.

“Huyu ni nani?”

“Ndiye yeye, nyanya.”

“Ndiye nani?”

Binamu yangu ni wa maji ya kunde, pua yake pana kama ya babake na ya babu yake, na akicheka mashavu yanabonyea pande zote mbili. Siku ile uso wake ulikuwa na weupe wa unga wa ngano, pua imepigwa mistari ya kivuli kushoto na kulia mpaka ikasimama kama upanga, na kucheka hakuthubutu asije akapasua kazi ya watu. Mikono ilikuwa na hina na piko, lakini katikati ya maua ngozi ilibaki na rangi yake ya kuzaliwa, kwa hivyo ungedhani ni watu wawili waliounganishwa shingoni. Fundi alilipwa pesa nzuri. Ukumbi mzima ulikubali kwamba bibi harusi amependeza. Simu ziliinuliwa kama kwenye mkutano wa siasa. Nyanya peke yake ndiye aliyenong’ona, kwa sauti iliyofika safu ya nne, “Mbona mumenipa mtoto wa watu?”

Tukirudi usiku, ubishi ulizuka kwenye feri. Shangazi alisema kila mtu na jicho lake, ukipenda chongo utaita kengeza, na nyanya asiingilie macho ya vijana. Mama mdogo akamkata: chema chajiuza, kibaya chajitembeza, mwanamke mzuri ni mzuri hata akivaa gunia, na asiyekuwa mzuri ndiye mwenye haja ya ndoo ya poda. Walijibizana mpaka tukafunga upande wa Likoni na hakuna aliyeshinda. Nimeubeba ubishi ule tangu siku hiyo, kwa sababu ndio ule ule ambao wanafalsafa wameuzunguka kwa karne nyingi: je, uzuri wa binadamu una kipimo kilicho nje ya jicho la mtu, au kila mtu ana kipimo chake? Kadiri ninavyofikiri, naona shangazi amekosea na mama mdogo naye amekosea, ila kosa la shangazi ndilo tamu zaidi kuliamini.

Ni tamu kwa sababu linaliwaza. Ukiambiwa kila mtu na jicho lake, hata wewe ambaye hujawahi kugeukiwa barabarani unapata faraja kwamba jicho lako liko mahali linakutafuta. Lakini ule ukumbi wa Mishomoroni haukuwa na maoni mia mbili. Ulikuwa na oni moja, na mtu mmoja mzee aliyelikataa. Msichana wa Mtongwe akienda kuomba kazi ya mapokezi katika hoteli za ufuoni hakutani na ladha ya meneja peke yake. Anakutana na kitu ambacho meneja, mwenye hoteli, mgeni, hata yule askari wa langoni, wote wanakijua bila kuandikiwa. Mwaka 1994 wachumi wawili, Daniel Hamermesh na Jeff Biddle, walipima mishahara ya Wamarekani na Wakanada wakakuta kwamba walioonekana wabaya wa sura walilipwa pungufu kuliko wa sura ya kawaida, na wazuri walilipwa zaidi, hata pale elimu na uzoefu vilipolingana. Jicho la mtu binafsi halikati mshahara. Kinachokata mshahara ni kipimo.

Sisi Wakenya tuna Katiba ya 2010, na Kifungu cha 27 kinakataza mtu kubaguliwa kwa rangi yake, umri wake, ulemavu wake, hata mavazi yake. Nimeisoma ile orodha zaidi ya mara moja. Sura haimo. Sidhani waliiacha kwa ubaya. Nadhani na wao walikuwa wakiamini maneno ya shangazi, kwamba hilo ni jambo la macho ya mtu na haliwezi kushtakiwa.

Haya, twende upande wa mama mdogo. Yeye ana ushahidi ambao kila mtoto aliyepita madrasa anao, kisa cha Nabii Yusuf. Wanawake wa mjini walipomsema mke wa mheshimiwa kwa kumtamani kijana wa nyumbani, aliwaalika, akampa kila mmoja kisu, kisha akamwita Yusuf atoke mbele yao. Wakajikata mikono. Hakuna hata mmoja anayesimuliwa kusema, kwangu mimi huyu ni wa kawaida tu. Kama uzuri ni jicho la kila mtu, visu vile vilikubaliana vipi?

Wanasayansi nao wamempa mama mdogo silaha. Mnamo 1878 Mwingereza Francis Galton alianza kupiga picha za wahalifu na kuzirundika moja juu ya nyingine kwenye bamba moja, akitarajia atapata sura halisi ya mhalifu. Akapata mwanamume mtanashati kuliko wahalifu wenyewe. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, 1990, Judith Langlois na Lori Roggman walifanya hivyo kwa kompyuta, wakaona kwamba uso uliochanganywa kutokana na nyuso nyingi huonekana mzuri kuliko karibu kila uso uliotiwa humo. Langlois huyo huyo, mwaka 1987, alikuwa ameonyesha picha kwa watoto wachanga wa miezi michache, ambao hawajui bango wala filamu, na watoto wakakazia macho zaidi zile nyuso ambazo watu wazima walishasema ni nzuri. Na mwaka 1993, katika chuo kikuu kile kile cha Langlois, cha Texas mjini Austin (inaonekana walishughulika sana na jambo hili miaka ile), Devendra Singh alitangaza kwamba siri ya umbo la mwanamke ni hesabu: ukigawanya mzunguko wa kiuno kwa mzunguko wa nyonga upate kama 0.7, hapo pana uzuri. Alikuwa amepima washindi wa Miss America na wasichana wa jarida la Playboy.

Mimi nilipoisoma hesabu hiyo mara ya kwanza, jambo nililowaza ni dera. Profesa na futi yake ashuke Likoni siku ya Idi, akutane na akina mama elfu mbili ndani ya madera, atapima wapi?

Lakini hesabu ile ilijibiwa na watu wengine kabisa, jirani zetu. Kule Tanzania kando ya Ziwa Eyasi wanaishi Wahadza, watu wapatao elfu moja, ambao wengi wao hadi juzi waliishi kwa kuwinda, kurina asali na kuchimba mizizi. Mwanaanthropolojia Frank Marlowe alikaa nao miaka mingi. Yeye na mwenzake Adam Wetsman waliwaonyesha wanaume wa Kihadza michoro ya wanawake, na mwaka 1999 wakaandika kwamba wanaume wale hawakujali kiuno wala hesabu yake. Walitaka mwanamke mwenye mwili. Kwa mtu ambaye kesho yake haina hakika ya chakula, kiuno cha nyigu ni habari mbaya. Kisha mwaka 2005 Marlowe na wenzake walirudi na michoro ya ubavuni, si ya mbele, na sasa Wahadza wakawa na maoni makali: walipenda makalio yaliyotokeza, kuliko hata Wamarekani walivyopenda. Kumbe muda wote waliulizwa swali kwa upande mmoja. Mwanamume yeyote wa kijiweni pale Mtongwe angewaambia hilo bure.

Utafiti ulionikaa zaidi ni wa 2007, wa Coren Apicella, Anthony Little na Marlowe huyo huyo. Walichukua ile habari ya nyuso zilizochanganywa wakaipeleka Eyasi. Wahadza walipoonyeshwa nyuso za Kihadza, walichagua zile zilizochanganywa, kama watu wa kwingine. Walipoonyeshwa nyuso za Wazungu, hawakuchagua. Iliyochanganywa na isiyochanganywa zilikuwa kwao mamoja. Wazungu wenyewe walichagua zilizochanganywa kwa makundi yote mawili. Maelezo ya watafiti ni kwamba Mhadza hajaona Wazungu wa kutosha kichwani mwake kujengeka wastani wa uso wa Kizungu. Mzungu wa siku hizi ameona kila aina ya watu.

Nadhani hapo ndipo mama mdogo na shangazi wanapoangushwa kwa pigo moja. Mashine ya kupima ni ya wote: jicho la binadamu hukusanya nyuso, huzipiga wastani, na hupenda kinachokaribia wastani huo. Ila nyuso zinazoingia kwenye mashine ni zile zinazopita mbele yako. Utafiti wa mapacha uliochapishwa 2015 ulikuja kusema jambo linaloelekea huko huko, kwamba pale mtu na mtu wanapotofautiana katika sura wanazozipenda, tofauti hiyo hutokana zaidi na maisha waliyopitia kuliko na damu waliyozaliwa nayo.

Sasa nielekee sokoni, maana nafahamu vizuri zaidi nikiwa sokoni. Pale Kongowea nafaka hupimwa kwa gorogoro, lile bati lililoanza maisha likiwa kopo la mafuta ya kupikia la kilo mbili. Hakuna mtu anayesema gorogoro ni maoni yake. Ukiomba gorogoro la maharagwe unapimiwa gorogoro la maharagwe. Ni kipimo cha kweli, watu wanakilia na kukilalia njaa. Lakini kila mama aliyepita Kongowea anajua pia kwamba kitako cha bati huweza kugongwa nyundo kikaingia ndani, na bati likaendelea kuitwa gorogoro ilhali limebeba pungufu. Bati lilitoka kiwandani na umbo lake. Nyundo ni ya mtu.

Uzuri nauona hivyo. Lipo bati la kiwandani, siwezi kulikana: ngozi isiyo na vidonda, uso ambao pande zake mbili zinalingana, macho yenye uhai, ile ishara kwamba mtu ana afya na amekula. Wachanga wa Langlois waliliona, na Wahadza pia, katika utafiti mwingine, walipenda nyuso zinazolingana. Ila bati hilo ni pana sana. Linabeba mamilioni ya nyuso, ikiwemo ya binamu yangu kabla hajapakwa. Mengine yote tunayoyaita uzuri, rangi gani, pua gani, kiuno gani, ni kitako, na kitako kimegongwa na watu wanaoweza kutajwa na nyakati zinazoweza kutajwa.

Angalia meno. Zamani ukienda Changamwe, katika nyumba za kupanga za Chaani na Mikindani walizoishi watu wa reli na bandari, ungeweza kukuta wazee wamekaa benchi moja kila mmoja na mdomo wake. Mzee wa Kijaluo ana pengo la chini, meno sita yaling’olewa ujanani, na kwao hiyo ilikuwa alama ya kukamilika. Mzee wa Kikamba meno yake ya mbele yamechongwa yakawa na ncha. Mwenye nyumba wa Kiswahili ana mwanya, na mkewe ana mwanya mkubwa zaidi, na anausifia mwanya huo kuliko mahari aliyotoa. Kila mmoja akimtazama mwenziwe anaona mtu mwenye kasoro mdomoni. Na mjukuu wa mmoja wao, anayesoma shule moja na wajukuu wa wale wengine, leo amefungwa nyaya za kubana meno ili yasiwe na pengo, wala ncha, wala mwanya. Benchi moja, vizazi viwili, vipimo vinne. Mwanya ulikuwa uzuri wa hakika, watu waliuonea wivu, kisha ukawa ugonjwa unaotibiwa kwa malipo ya awamu, na hakuna siku iliyotangazwa kwamba umebadilishwa jina.

Hali kadhalika unene. Mwaka 1994 watafiti Adrian Furnham na Peter Baguma walilinganisha Waganda na Waingereza, wakakuta Waganda waliona uzuri katika michoro ya watu wanene ambayo Waingereza waliikimbia. Kumbuka miaka ile Uganda ilikuwa imetoka kuzika watu kwa UKIMWI, ugonjwa walioupa jina la wembamba, Slim; nani angepamba ukuta wake kwa picha ya mtu aliyekonda? Na huku kwetu mwari aliwekwa ndani, akasingwa, akalishwa, atoke amejaa. Wanawake wa Kimijikenda wamevaa hando, lile rinda la mikunjo mingi linaloikuza nyonga, tangu kabla ya Profesa Singh kuzaliwa, wala hawakuhitaji kugawanya kitu kwa kitu.

Rangi ndiyo nyundo nzito kuliko zote, na hapa naomba msomaji tutembee kidogo. Kutoka soko la Kongowea hadi Kengeleni si mbali. Pale ndipo ilipo kengele ya Freretown, makazi yaliyoanzishwa na wamisheni wa Church Missionary Society (CMS) mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka majahazi ya watumwa. Jina ni la Bartle Frere, yule aliyetumwa kwa Sultan Barghash wa Zanzibar kudai biashara hiyo ikome, na mkataba ukatiwa sahihi Juni 1873. Wengi tunaipita ile kengele tukiwahi matatu. Lakini soko lililofungwa kwa mkataba ule lilikuwa pia soko la uzuri, kwa riali. Sayyida Salme, binti wa Sultan Said ambaye baadaye aliitwa Emily Ruete, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1886 anasimulia jumba la babake Zanzibar, ambamo masuria weupe wa Kicherkesi, kama mama yake mwenyewe, walijijua kuwa wa bei ya juu na wakajitenga na wa Kihabeshi, na Wahabeshi nao walikuwa na wa kuwadharau. Mwanamke mweusi kutoka bara mara nyingi alinunuliwa kwa kazi za jembe na jiko.

Soko lilifungwa. Bei zikabaki vinywani. Tunaposifu pua ya upanga hadi leo, tunapomwambia mama aliyejifungua, “Mashallah, mweupe huyo!”, na mtoto mwenyewe hajafungua macho, tunataja bei ambayo mnunuzi wake amekufa zaidi ya miaka mia moja. Ukipanda matatu za Changamwe utasikia makanga wakimwita msichana rangi ya thao, yaani rangi ya noti ya elfu. Hawajui walivyo waaminifu kwa historia: rangi kwa pesa, hivyo hivyo.

Na ukitaka kujua kwamba si weupe wenyewe unaopendwa, waangalie ndugu zetu wenye ualbino. Kama weupe wa ngozi ndio uzuri, wao wangekuwa mabibi harusi wa mji mzima. Badala yake tumewaficha, tumewabeza, na katika nchi jirani wamewindwa. Kinachotamaniwa si rangi. Ni ukoo unaodhaniwa kuja na rangi, ile ngazi ya nyumba ya Sultani. Mtu anajipaka krimu asogee ngazi moja juu.

Malipo yake yanajulikana kwa muda mrefu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika katika British Medical Journal juu ya watu wazima 60 waliokuja na figo zinazovuja protini, miili imevimba. Zaidi ya nusu yao walikuwa wakijipaka krimu za kung’arisha ngozi zenye zebaki. Zebaki huizuia ngozi kutengeneza rangi yake, kisha hupenya mwilini na kuishia kwenye figo. Hiyo ni zaidi ya miaka hamsini iliyopita. Tangu hapo Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa, KEBS, limepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, na Mkataba wa Minamata wa 2013 uliyataka mataifa yaache vipodozi vya zebaki ifikapo 2020. Mkorogo bado unachanganywa, unatiwa kwenye vikopo visivyo na jina, na anayeuuza ukimsuta anakujibu kwa maneno ya shangazi: kila mtu na jicho lake, mimi nawapa wanachopenda. Ndiyo maana nikasema kosa la shangazi ni tamu. Ni tamu hasa kwa mwenye kopo.

Katika haya yote sisi Waswahili tulikuwa na maneno mazuri tukayachanganya. Kuna uzuri, na kuna urembo. Uzuri unazaliwa nao, urembo unaufanya. Mwana Kupona, alipomtungia bintiye wosia wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, alimfundisha kujisinga, kutia hina, kupaka wanja, kufukiza udi na kutia asumini kitandani. Hakumpimia pua. Hakumwambia awe rangi gani. Alimpa kazi za mikono ambazo binti wa sura yoyote anaweza kuzijua au asizijue. Na kazi ya mikono ina kipimo kisicho na mashaka: nipeleke kwa wachoraji wa hina kumi wa Kisauni, nitakuonyesha yupi mkono wake unatetemeka, na wale tisa wataniunga mkono. Hata yule fundi wa Mishomoroni, kama urembo, kazi yake ilikuwa ya hali ya juu. Nyuzi za nyusi zilichorwa moja moja. Ugomvi wa nyanya haukuwa na urembo. Aliona urembo umetumwa kufuta uzuri.

Lipo na neno la tatu, haiba, ambalo sijui tumelitupa wapi. Haiba haipigwi picha vizuri. Ni namna mtu anavyoingia mahali watu wakanyamaza, na nyanya yangu, mwenye makunyanzi na jino moja la dhahabu, anayo kuliko wengi wetu. Sina futi ya kuipima. Lakini kila alipoingia kwenye kikao cha harusi ile, mtu alinyanyuka kumpa kiti, nami sikuona aliyekuwa na jicho lake tofauti.

Kama kipimo hujengwa na nyuso zinazopita mbele yetu, basi swali linalonishughulisha ni nani siku hizi anazipitisha. Zamani jibu lilikuwa feri. Maelfu kwa maelfu ya watu huvuka Likoni kila siku, na mtoto aliyelelewa huku alijifunza sura ya binadamu kwa kubanwa kati ya Mdigo, Mduruma, Mkamba, Mjaluo, Mbajuni na Mwarabu, asubuhi na jioni, mpaka wastani ukakaa. Sasa watu wote kwenye feri wameinamia simu. Mbele ya jicho la msichana wa miaka kumi na minne zinapita nyuso mia kwa dakika chache, na nyingi zimepita kwenye kichujio kinachobana pua, kinachokuza macho, kinachong’arisha ngozi. Mashine yake ya wastani inafanya kazi vile vile kama ya Mhadza. Inakusanya, inagawanya, inamletea jibu. Kisha anajitazama kwenye kioo cha bafuni.

Na kama kitako kinaweza kugongwa ndani, kinaweza pia kugongwa nje. Mwigizaji wetu Lupita Nyong’o, mwaka 2014, alisimama mbele ya wanawake wenzake weusi wa Hollywood akasimulia kwamba utotoni alimwomba Mungu aamke akiwa mweupe zaidi, na kilichomgeuza ni kumwona Alek Wek, mwanamitindo mweusi ti wa Sudan Kusini, akisifiwa na dunia. Uso mmoja uliongezwa kwenye mashine. Mwaka 2007 Flaviana Matata wa Tanzania alipanda jukwaa la Miss Universe amenyoa kipara akaingia kumi bora. Mashindano yenyewe siyapendi, nayaona ni mnada uliopakwa rangi, ila kipara kile wasichana wengi walikiona.

Juma lililopita nilivuka na mpwa wangu, huyo wa miaka kumi na minne. Alikuwa anajipiga picha kwenye simu, na simu ikamtengenezea pua nyembamba ambayo ukoo wetu hauijui, si upande wa mama wala wa baba. Akaniuliza kama amependeza. Nikamwambia sitajibu mpaka ahesabu: ainue kichwa, aangalie watu wote waliomo kwenye feri, aniambie ni wangapi wana pua kama ile. Alikasirika, kisha akachukulia mchezo. Akasimama juu ya kidato cha chuma akaanza kuhesabu kwa kidole, akina mama wenye ndoo za samaki, vijana wa mikokoteni, walimu, askari, mzee aliyelala amesimama. Tulipofunga upande wa mjini alikuwa amefika wanne, na mmoja wao alikuwa kwenye bango.